Somo: Kuandaa maonyesho ya michoro mtandaoni ukiwa msanii wa kujitegemea

Wakuu, habari za leo. Somo hili ni la mchoraji asiye na galari nyuma yake: ana kazi zake, ana simu, ana bando. Wengi wetu tukishatupia picha 40 Instagram tunasema tumefanya maonyesho. Bado. Maonyesho yana kazi zilizochaguliwa na kupangwa, zina bei, kuna siku ya kufungua na siku ya kufunga, na mwenye kazi yupo kumpokea mgeni. Bila hayo una albamu tu. Mifano yangu itaelemea Dar na michoro ya Tingatinga kwa kuwa ndiyo ninayoshinda nayo; mwenye akriliki au rangi za maji atarekebisha kidogo.

Hatua ya 1: Punguza kazi

Chukua 12, zikizidi sana 15. Mtu anayetazama kwa simu akiwa kwenye daladala hafiki picha ya 30. Kabla ya kuchagua, andika sentensi moja ya kusema maonyesho yanahusu nini: soko la samaki la Feri alfajiri, Kariakoo siku ya mvua, wanyama wa usiku. Kazi isiyoingia humo ibaki nyumbani hata kama ndiyo kipenzi chako. Moja au mbili zilizokwisha kuuzwa ziweke, ila ziandikwe wazi kuwa zimeuzwa. Mteja akijua wenzake wameshanunua anapata moyo. Yenye nguvu itangulie, nyingine yenye nguvu ifunge.

Hatua ya 2: Piga picha upya, zote, siku moja

Hapa ndipo maonyesho mengi yanapokufa. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, mtindo wake umetumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, na mng'ao huohuo unaompendeza mteja ana kwa ana ndio unaoharibu picha. Rangi ya kung'aa ni kioo. Ukivaa shati jeupe, litaonekana katikati ya mgongo wa tembo.

Fanya hivi. Toa mchoro kibarazani asubuhi, kwenye kivuli, jua lisiufikie moja kwa moja. Angalia kinachouzunguka: ukuta wa kijani unatupa ukijani, bati jekundu linatupa wekundu. Vaa nguo nyeusi. Tundika kitambaa cheusi nyuma yako, au kitoboe tundu upitishe kamera hapo. Kile kioo sasa kitaakisi weusi mtupu na rangi zitatulia. Simu ikae kwenye stendi au juu ya kigoda, kamera iwe sawa na katikati ya mchoro, na kama mchoro umeegemea nyuma kidogo, simu nayo iinamishe vivyo hivyo. Usisogee karibu. Rudi nyuma hatua mbili tatu kisha tumia lenzi ya mara 2, maana ile pana ya kawaida inavimbisha kingo na mraba wako wa sm 60 kwa 60 unatoka kama pipa. Weka simu ijipige yenyewe baada ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise.

Pembeni ya mchoro bandika karatasi nyeupe. Ukikaa kurekebisha picha, rekebisha mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli, kisha ikate. Filta usiguse. Halafu fungua picha kwenye simu mbili tofauti, mchoro wenyewe ukiwa mbele yako, ulinganishe. Bluu ndiyo inayodanganya kuliko rangi zote.

Kila kazi ipate picha tatu: nzima, ya karibu inayoonyesha mpapaso wa brashi na sahihi yako, na moja yenye kiti au mtu pembeni ili mgeni ajue ukubwa. Zile programu za kubandika mchoro wako juu ya kochi la sebule ya Ulaya mimi sizipendi. Mteja hanunui kochi.

Hatua ya 3: Lebo

Jina la kazi, mwaka, vifaa, kipimo (kimo kwanza, kisha upana), bei. Mfano:

*Wavuvi wa Feri, 2024. Rangi ya mafuta kwenye kanvasi. Sm 80 × 60. Sh 350,000 bila fremu.*

Chini yake sentensi mbili tatu za kawaida: umeona nini, kwa nini yule mwanamke kapewa kikapu kikubwa kuliko mtumbwi. Maneno ya "kazi hii inachunguza uhusiano kati ya binadamu na ulimwengu" yaache, hayamwambii mtu kitu.

Bei iandikwe. Najua tabia yetu ya "njoo inbox". Mgeni wa nje ataona unapima mfuko wake, na wa hapa ataona aibu kuuliza, basi wote wawili wanaondoka. Maonyesho ya Art Basel ya Hong Kong yalipofutwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, galari zaidi ya 200 zilihamia kwenye vyumba vya mtandaoni mwezi Machi, na bei au makadirio ya bei yakaonekana kwenye skrini. Wale wenye kazi za mamilioni ya dola wameweza, sembuse sisi.

Hatua ya 4: Mahali pa kuonyeshea

Ukurasa mmoja wa tovuti, picha zikishuka moja baada ya nyingine, unatosha. Zipo huduma za kujenga chumba cha kutembea ndani kwa macho, kama Kunstmatrix na Artsteps, na ni nzuri kwa mwenye kompyuta na intaneti ya nguvu. Kwa simu ya bei nafuu chumba hicho kinagandaganda, mgeni anagonga ukuta, anafunga. Ukikitaka, kiwe cha ziada.

Picha zipunguze zifike KB 200 hadi 300 kila moja, upande mrefu pikseli 1,600. Picha 40 hapo zinakula kama MB 12 hivi, mtu wa bando la siku hatakununia. Jaribu ukurasa kwenye simu mbovu kuliko zote nyumbani kwenu, tena nje ya WiFi.

Hatua ya 5: Malipo na usafirishaji, kabla ya kutangaza

Hapa ndani ni rahisi: Lipa Namba na akaunti ya benki, Kenya till ya M-Pesa. Kwa mnunuzi wa nje, hakikisha mapema akaunti yako inapokea fedha kutoka nchi nyingine, si kutuma tu, na omba rafiki aliyeko huko akutumie kiasi kidogo cha majaribio. Pima makato. Usigundue makato siku ya mauzo.

Nenda posta na kwa msafirishaji mmoja wa kampuni binafsi, uliza bei ya mzigo wako kwa uzito na kwa vipimo kwenda nchi tatu unazozitarajia, uziandike kwenye ukurasa. Kanvasi isokotwe upande wa rangi ukiwa nje. Ukisokota rangi ikiwa ndani inajikunja na kubanduka. Ikingwe kwa karatasi ya kuokea, si gazeti (wino unahama) wala plastiki ya mapovu kugusa rangi (inaacha madoa ya duara). Kisha iingie ndani ya bomba la plastiki la mafundi bomba, la inchi 4 au zaidi, mifuniko pande zote. Hadibodi haisokotwi; inakwenda bapa katikati ya vipande viwili vya plaiwudi. Kwenye fomu ya forodha andika namba 9701, ndiyo ya michoro iliyofanywa yote kwa mkono. Andika bei halisi.

Hatua ya 6: Tangaza

Wiki mbili zinatosha. Ujumbe binafsi kwa watu 50 wanaokujua unazidi tangazo kwa watu 5,000 wasiokujua: waliowahi kununua, waliouliza bei wakapotea, walimu, Watanzania wenzetu walioko Muscat, London, Minneapolis. Picha ya tangazo itume WhatsApp kama dokumenti usipotaka ibanwe.

Saa ziandike kwa mtindo wa saa 24 na mahali, kwa sababu "saa mbili usiku" kwa mgeni ni kitu kingine kabisa. Ukifungua 20:00 za Dar, Muscat ni 21:00, Berlin ni 19:00 majira yao ya joto na 18:00 ya baridi, New York ni 13:00 au 12:00. Jumamosi ni nzuri kwa wote.

Hatua ya 7: Usiku wa ufunguzi

Usiache linki ijifungue yenyewe. Fanya matangazo ya moja kwa moja kwa dakika 40, karakana kwako, kazi zikiwa ukutani kwa mpangilio uleule wa ukurasani. Tafuta mtu wa pili: wewe uongee, yeye asome maswali, awasalimie wanaoingia kwa majina na kushika kitabu cha oda. Peke yako utajikuta umeinamia simu kusoma maandishi na wageni wanatazama utosi wako.

Zungumza juu ya kazi tano tu. Iteremshe kazi ukutani, ielekeze kwenye mwanga, igeuze waone mgongo, fremu na sahihi. Hiyo ndiyo sehemu watu wanayokumbuka, kwa sababu picha haiwezi kuwapa. Anayetaka kununua aandike jina la kazi. Msaidizi ampigie papo hapo, na kazi iwekewe kidoto chekundu, alama ya kuwa imeuzwa, ukurasani usiku uleule. Ahadi bila malipo ya awali ishikiliwe saa 48, kisha irudi sokoni.

Umeme? Powerbank imejaa, na laini ya mtandao wa pili kwenye simu ya msaidizi.

Hatua ya 8: Wiki za katikati na kufunga

Wiki tatu kwa jumla. Wiki ya pili huwa kimya. Weka video fupi ya unavyochora, au mkaribishe mwenzako mzungumzie kazi moja kwa kina. Siku tatu kabla ya kufunga, wakumbushe waliouliza. Siku ya kufunga ikifika, funga kweli, bei zitoke. Ukiongeza wiki mara mbili, mara ya tatu hakuna atakayeharakisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikiweka picha nzuri si wataiba wakachapishe fulana?

Picha ya pikseli 1,600 ikichapwa kwa ubora wa vitabu, yaani nukta 300 kwa inchi, inatoa kama sm 13.5 tu. Kwa skrini ni nzuri, kwa bango haifai. Picha kubwa kaa nazo wewe. Jina lako kubwa katikati ya mchoro linamkera mnunuzi kuliko mwizi, liweke dogo pembeni. Kisheria, kwa Tanzania, kazi inalindwa tangu unapoichora chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuiandikisha COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Na kwenye risiti andika kuwa mnunuzi amenunua mchoro, haki ya kuchapisha nakala imebaki kwako.

Bei niweke za dola au shilingi? Na mzungu nimpandishie?

Weka za shilingi, kwa sababu tangu 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutangaza bei za bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, na bei isibadilike hadi ufunge. Kumpandishia mzungu kulikuwa kunawezekana barabarani. Mtandaoni ukurasa ni mmoja, wote wanauona.

Mimi ni mchongaji, niko Mtwara, nafanya vinyago vya mpingo. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu sana, kaka, ila lina nyongeza mbili. Kinyago kipigwe picha pande nne na juu, na video ya sekunde 20 kikizungushwa taratibu kwenye meza ya duara. Mpingo ni mweusi, kwa hiyo wewe nyuma weka kitambaa cha kijivu na mwanga uje ubavuni ili michongo ipate vivuli. Jambo la pili ni vibali. Tangu Januari 2017 mpingo uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, yaani unahitaji kibali kuvuka mpaka. Tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zimesamehewa kibali hicho kama mti huo hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, lakini taratibu za hapa ndani ni jambo jingine: pita ofisi ya karibu ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kabla hujaahidi mteja tarehe. Namba ya forodha kwa sanamu ni 9703.

Dada hapa kutoka Nairobi. Kuna mtu amenitumia barua pepe anataka kazi tatu bila hata kuuliza ukubwa. Anasema atalipa kwa hundi zaidi ya bei, ile ziada nimtumie msafirishaji wake. Nikubali?

Usikubali, dada yangu. Huo ni utapeli wa siku nyingi na unawalenga wasanii hasa. Hundi itaonekana imeingia, utatuma ziada kwa fedha zako halisi, baada ya siku kadhaa benki inasema hundi ni bandia, na deni linabaki lako. Mnunuzi wa kweli anauliza ukubwa, anaomba picha ya karibu, anabishana bei ya usafiri. Sharti lako liwe moja: alipe kiasi kamili, benki yako ithibitishe kwamba fedha imeiva na haiwezi kurudishwa, ndipo mzigo utoke. Msafirishaji unamchagua wewe.

Nina oda ya Ujerumani, mchoro nimemaliza juzi na bado unanuka rangi. Naweza kuusokota?

Hapana. Rangi ya mafuta inatangulia kukauka juu, chini bado laini. Bonyeza kidole gumba kwenye kona yenye rangi nene. Kikinata au kikiacha alama, bado. Mpe mteja tarehe ya kutuma iliyo mbele ya kutosha, mtumie picha ya kanvasi ikiwa imetundikwa inakauka. Atangoja.