Nauli ya mtoto kwenye matatu za Mombasa: kiti au paja

Shule zinafunguliwa Jumatatu, na kila muhula unapoanza kina mama wa mtaani kwangu Kisauni huniuliza jambo lile lile: mtoto alipe ngapi, na alipe vipi akiwa peke yake? Wanangu watatu wote wamesomea kisiwani Mombasa, matatu asubuhi na matatu jioni, kwa hivyo haya nimeyapitia.

Mjue kwanza kwamba matatu zetu hazina tikiti ya mtoto. Nauli hupangwa na wenye magari na sacco zao, yaani vyama vyao vya ushirika, na ya mtoto ni mapatano yako na makanga, yule kondakta. Mazoea ni kuwa anayepakatwa halipi na anayekalia kiti analipa. Ugomvi wote uko hapo katikati.

Hatua ya 1: Amua ni kiti au ni paja

Mkiwa pamoja na mtoto ni mdogo, mpakate, ulipe yako. Ukiwa na wawili, makanga wengi hukubali wabanane kiti kimoja kwa nauli moja, mradi umwambie kabla hujapanda. Ukimwambia gari likiwa limeshafika steji ya Lights, hapo ni kelele.

Lakini mtoto anayesafiri peke yake mlipie kiti kizima. Najua pesa ni ngumu, na najua ukimtetea "huyu ni mwanafunzi" mara nyingi utakubaliwa nusu. Tatizo ni kwamba gari likijaa pale Kongowea, wa kwanza kuambiwa "kijana, inuka kidogo mama akae" ni yule aliyelipa nusu. Au huambiwa akae mapajani pa mtu asiyemjua. Kitinda mimba wangu, akiwa gredi ya 3, alirudi siku moja kimya, hata chai hakuitaka. Nilipomdadisi akanambia amepakatwa na mwanamume mgeni toka Mwembe Tayari mpaka nyumbani. Hakufanywa lolote, alhamdulillahi, lakini usiku ule sikupata usingizi. Tangu siku hiyo nauli yake ni ya kiti, na zile shilingi 20 nilizokuwa nikiokoa nimezikata kwenye matumizi mengine.

Na kiti akilipia ni haki yake. Tangu kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu yetu ya kawaida ni ya abiria 14, kila mmoja na kiti chake na mkanda wake. Mfundishe mtoto maneno haya, ayaseme kwa adabu lakini asikike: "Samahani, hiki nimekilipia."

Hatua ya 2: Mpe sarafu, usimpe noti

Kifungua mimba wangu nilimpa noti ya 200 asubuhi moja kwa kuwa sikuwa na pesa ndogo. Makanga akamwambia chenji baadaye. Gari likafika Buxton, mtoto akashuka na wenzake, gari likaondoka na chenji yake. Jioni akakosa nauli ya kurudi, akatembea kwa miguu kupita daraja la Nyali jua likizama. Sikumgombeza yeye, kosa lilikuwa langu.

Siku hizi nauli huiandaa usiku, kamili. Ikiwa ni 50, basi ni sarafu mbili za 20 na moja ya 10. Sarafu zilizotoka mwaka 2018 zina wanyama, na mtoto hata hajajua kusoma huzishika upesi: 20 ni ndovu, 10 ni simba, 5 ni kifaru, 1 ni twiga. Ya kwenda huikaza kwenye pindo la kitambaa cha mkono na kuitia mfuko wa kifuani. Ya kurudi naiweka mbali na ile, kwenye kimfuko nilichomshonea kwa ndani ya kiuno cha sketi, kina kifungo. Zikikaa pamoja, ya kurudi itanunua viazi karai kabla ya saa nne.

Hatua ya 3: Aulize kabla ya kukanyaga ngazi

"Mpaka Buxton ngapi?" Basi. Bei ya asubuhi si ya saa sita, na bei ya chini ikishasikika mbele ya abiria wengine, makanga haigeuzi kirahisi. Tuliyazoeza nyumbani: mimi makanga, yeye abiria, kiti ni kochi.

Hatua ya 4: Alipe mara moja, na ataje anaposhuka

Asitoe pesa mlangoni kwenye msukumano. Aketi, afunge mkanda, angoje adaiwe. Akitoa aseme, "Hamsini, nashuka Buxton," ili jirani wa kiti naye asikie. Huyo ndiye shahidi wake makanga akirudi kudai tena.

Hatua ya 5: Gari likiwauza

Hili wazazi husahau kabisa. Wakati mwingine gari hukatiza safari, abiria wakahamishiwa gari jingine. Mtoto asilipe mara ya pili. Ashuke pamoja na watu wazima waliokuwa naye, asitangulie wala asibaki nyuma, na aangalie makanga wa kwanza anampa pesa wa pili. Akidaiwa aseme, "Nimelipa kule, sisi ndio tuliouzwa." Wenzake watamuunga mkono, kwa maana nao hawataki kulipa mara mbili.

Maswali ya wasomaji

Mama wa Likoni: Ahsante dada kwa somo. Wangu anavuka feri kisha apande gari la Posta. Feri nayo alipe?

Hapana mama. Anayevuka kwa miguu halipi, awe mtoto au mtu mzima. Wanaolipa ni wenye magari. Kwa hivyo muhesabie nauli mbili: ya kumfikisha kivukoni huko Likoni, na ya upande wa kisiwani. Za kwenda na kurudi ni nne, zifungie mbalimbali. Kwenye mteremko wa kuingilia feri msongamano ni mkubwa, asihesabu pesa hapo.

Baba wa Mikindani: Mimi humtumia makanga kwa M-Pesa, mtoto habebi pesa. Kuna ubaya?

Kama ni gari la kila siku na mnajuana, hakuna ubaya kaka, ni usalama pia. Ila gari hilo likiharibika, au makanga akiwa zamu ya mapumziko, mtoto amesimama stejini mikono mitupu. Mpe nauli ya dharura hata hivyo.

Mama wa Mtwapa: Mvua ikinyesha 50 inakuwa 100. Mtoto afanyeje?

Hili linaniuma, kwani mtoto ndiye asiyeweza kungoja usiku. Mimi huweka sarafu za ziada chini ya soli ya ndani ya kiatu, naye anajua ni za mvua tu. Zikiwa hazitoshi, arudi kwa mwalimu au kwa duka mnalofahamiana, akupigie. Asikubali lifti ya mtu asiyemjua, hata akisema anamjua baba yake.

Mama wa Bamburi: Wangu alishushwa njiani kwa kupungukiwa na shilingi 10. Nimlalamikie nani?

Pole sana mama. Mfundishe asome mambo mawili kabla ya kupanda: jina la sacco lililoandikwa ubavuni, na namba ya gari, hata zile tarakimu tatu na herufi ya mwisho. Ukiwa nayo nenda stejini kwao uwatafute viongozi wa sacco; nimefanya hivyo mara moja na makanga aliletwa mbele yangu. Ikiwa amepigwa, ameshikwa vibaya au ametishwa, usianzie kwa sacco. Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, na uende kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Shangazi wa Majengo: Na tuktuk?

Mapatano ni yale yale, shangazi. Akipanda ya kuchangia na wengine, alipe nafasi yake, na umkalishe katikati au upande wa kushoto, asiwe upande wa magari yanayopishana.