Tunga shanga juu ya sinia lenye kipande cha blanketi

Kama unatunga shanga nyumbani na huna chumba wala meza ya kazi hiyo, chukua sinia lenye ukingo, kata kipande cha blanketi la manyoya mafupi kienee ndani bila kukunjamana, kisha mwaga shanga hapo juu, kila rangi na fungu lake. Nimeanza wiki iliyopita na sijaokota ushanga hata mmoja chini ya kochi. Manyoya ya blanketi huzuia shanga zisibingirike, na kwa kuwa kitambaa kinabonyea kidogo, ncha ya sindano hupenya kwenye tundu bila ushanga kuruka. Kwenye meza tupu, sindano inausukuma tu ushanga mbele. Wageni wakija au chakula kikiiva, unabeba sinia zima na kuliweka juu ya kabati, kazi inabaki kama ulivyoiacha.

Angalia sana rangi ya blanketi. Kijivu kinafaa kwa shanga nyingi, ila shanga za kijivu au za fedha zitapotea hapo na kukuchosha macho, hivyo kata na kipande cheusi cha kubadilishia. Usitumie taulo, vitanzi vyake hunasa sindano. Shanga kubwa za mbao hazihitaji haya yote, bakuli linatosha. Na kama kuna mtoto anayetambaa, usiweke sinia sakafuni hata kwa dakika moja, maana shanga zitaishia mdomoni mwake.