Somo: Kuweka OpenWrt kwenye ruta ya nyumbani, na kuihudumia baada ya hapo

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wanachama walioniuliza ni kwa nini ruta waliyoinunua miaka minne au mitano iliyopita haijapata sasisho lolote kutoka kwa mtengenezaji wake, ilhali bado inawaka na kutoa Waifai kama kawaida. Jibu ni kwamba mtengenezaji huuza kifaa, kisha hugeukia kifaa kingine. Programu dhibiti (firmware, yaani programu inayoendesha ruta yenyewe) iliyomo ndani hubaki na kasoro zake za usalama zilezile mpaka siku itakapotupwa. Mradi wa OpenWrt, unaotoa programu dhibiti huria ya ruta inayotegemea Linux, huichukua kazi hiyo pale mtengenezaji alipoiachia.

Asili yake inafaa kujulikana kwa sababu inaeleza tahadhari moja nitakayoisisitiza hapa chini. Ruta ya Linksys WRT54G iliingia sokoni mwishoni mwa 2002, na mwaka uliofuata watu wakagundua kwamba inaendeshwa na Linux, ambayo leseni yake ya GPL inamlazimu anayeisambaza kutoa msimbo chanzo. Kampuni ilipobanwa, ikautoa. Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanzishwa juu ya msimbo huo. Mwaka 2016 baadhi ya watengenezaji programu walijitenga kwa jina la LEDE, wakiwa hawaridhiki na namna kazi ilivyoendeshwa, na Januari 2018 pande hizo mbili zikaungana tena chini ya jina la zamani. Toleo la 24.10 lilitoka Februari 2025 likiwa na keneli (kiini cha mfumo) ya Linux 6.6.

Hatua ya kwanza: pindua ruta usome kibandiko

Usitosheke na jina lililoandikwa kwenye boksi. Chini ya ruta pana kibandiko chenye jina la modeli na, kwa herufi ndogo kabisa, neno “Ver” likifuatwa na namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu watengenezaji hubadilisha chipu na kumbukumbu za ndani bila kubadilisha jina. WRT54G yenyewe ilifanyiwa hivyo mwaka 2005: toleo lake la tano lilipunguziwa kumbukumbu na kuondolewa Linux, huku rangi na umbo vikibaki vilevile, na watu wengi wakanunua wakidhani wanapata ile ya awali.

Kwa mfano wa somo hili natumia TP-Link Archer C7 toleo la 5, ambayo niliipata kwa muuza vifaa vya mtumba hapa Kisumu. Ina flashi (hifadhi ya kudumu ya programu) ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 128. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa sasa ni flashi ya 8 na RAM ya 64, na hata hicho kinabana. Tafuta modeli yako pamoja na namba ya toleo kwenye orodha ya vifaa iliyo katika tovuti ya mradi. Ukikuta chipu ya Waifai ni ya Broadcom, kwa kawaida ni heri utafute ruta nyingine, kwa kuwa kampuni hiyo haijawa wazi kuhusu viendeshi vyake. Za MediaTek na Qualcomm Atheros ndizo zinazohudumiwa vizuri.

Hatua ya pili: andaa njia ya kurudi kabla ya kwenda

Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka mara ya kwanza. Nilikuwa nyumbani Kondele, jioni moja ya mawingu mazito, na wakati ruta ilikuwa katikati ya kuandika programu mpya kwenye flashi, stima ikapotea. Iliporudi, taa moja ilikuwa inawaka na kuzima, na hakuna kilichoitikia. Faili ya uokoaji ilikuwa inapatikana kwenye intaneti, na ruta iliyokufa ndiyo iliyokuwa njia yangu ya intaneti. Nililala bila mtandao, na asubuhi nikaenda saiba mjini nikiwa na kidiski cha USB mfukoni.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, pakua faili tatu uziweke kwenye kompyuta: faili ya OpenWrt ya aina ya “factory”, faili ya aina ya “sysupgrade”, na programu dhibiti asilia ya mtengenezaji kwa toleo lako hasa. Ya “factory” hutumika mara moja tu, unapotoka kwenye programu ya mtengenezaji. Ya “sysupgrade” hutumika ukiwa tayari ndani ya OpenWrt. Kila faili kwenye ukurasa wa upakuaji huambatana na hashi ya SHA256, alama inayoonyesha kama faili imebadilika au kuharibika. Kwenye Linux andika sha256sum ikifuatwa na jina la faili, kwenye Windows tumia certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu linganisha herufi zote bila kuishia kwenye nne za mwanzo.

Uokoaji wa Archer C7 hufanyika kwa TFTP, njia rahisi ya kupeleka faili kwenye mtandao. Unaweka programu ndogo ya seva ya TFTP kwenye kompyuta, unaipa kompyuta anwani 192.168.0.66, unaunganisha kebo kwenye mojawapo ya matundu ya LAN (ya mtandao wa ndani), kisha unabonyeza kitufe cha kuanza upya huku ukiwasha ruta, na kuendelea kukishikilia mpaka taa ya WPS iwake. Hapo ruta yenyewe huja kuchukua faili kwenye kompyuta yako. Jina la faili lazima liwe lile lile inalolitafuta, na jina hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa modeli husika. Ndivyo nilivyoirudisha yangu, na ilichukua dakika chache tu baada ya usiku mzima wa majuto.

Kuhusu stima, zipo betri ndogo za akiba za ruta, za volti 12, zinazouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya elektroniki. Linganisha volti na ampea zake na zile zilizoandikwa kwenye adapta yako. Anayeishi ukanda huu wa ziwa, ambako radi ya alasiri ni jambo la kawaida, afanye kazi hii asubuhi.

Hatua ya tatu: kuandika programu mpya

Unganisha kompyuta kwa kebo, wala si kwa Waifai. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kupitia kivinjari, fungua sehemu ya kusasisha programu dhibiti, chagua faili ya “factory”, thibitisha, kisha ondoa mikono. Ruta itajizima na kujiwasha yenyewe. Ngoja dakika tano kamili hata kama taa zimetulia mapema.

Hatua ya nne: kuingia mara ya kwanza

Anwani sasa ni 192.168.1.1, jina la mtumiaji ni root, na hakuna nenosiri. Weka nenosiri papo hapo. Waifai huwa imezimwa kwa makusudi ili usitangaze mtandao usiolindwa, usidhani imeharibika. Kabla ya kuiwasha, chagua nchi kuwa KE, kisha weka usalama wa WPA2 au, kama simu zako zote zinaukubali, WPA3.

Hapa pana mtego unaowakamata wengi. Ikiwa kisanduku cha mtoa huduma nacho kinatumia 192.168.1.1, ruta yako itakuwa na mtandao uleule mbele na nyuma, na intaneti haitapita. Badilisha anwani ya LAN ya ruta yako iwe 192.168.2.1, hifadhi, kisha ingia tena kwa anwani hiyo mpya.

Hatua ya tano: kuinyoosha foleni

Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nisirudi nyuma. Laini yangu ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Kijana wangu akianza kupakia video, simu ya WhatsApp ya mama yake ilikuwa inakatika maneno. Kipimo cha ping (muda wa pakiti moja ya data kwenda na kurudi) kilichokuwa milisekunde arobaini kilipanda kupita mia sita. Tatizo halikuwa udogo wa laini. Vifaa vya mtandao hulimbikiza data kwenye foleni ndefu mno, na pakiti ndogo ya sauti hukwama nyuma ya mlima wa pakiti za video, kama bodaboda iliyokwama nyuma ya trela la miwa kwenye barabara ya Chemelil, ambako hata dereva akiwa na haraka kiasi gani hana pa kupitia.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia iitwayo CoDel, inayopima muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni badala ya kuhesabu urefu wa foleni. Kutokana nayo zikaja fq_codel na baadaye CAKE, zinazotenganisha mitiririko ili mmoja usiwazibie wengine, na zote mbili zinapatikana kwenye OpenWrt. Kwenye toleo la 24.10 ingia kwenye ruta kwa SSH (njia ya kuiandikia amri kutoka kwenye kompyuta), uandike:

opkg update
opkg install luci-app-sqm

Kisha fungua ukurasa wa SQM (kidhibiti cha foleni), chagua kiolesura cha WAN (cha upande wa mtoa huduma), weka CAKE, na uandike kasi ya kushuka na ya kupanda kwa kilobiti. Andika takriban asilimia 90 ya kasi uliyoipima wakati nyumba imetulia. Kwa laini yangu ni 9000. Ni lazima iwe chini kidogo ya kasi halisi, kwa sababu tunataka foleni ijengeke ndani ya ruta yetu tunayoitawala, isijengeke kwenye kisanduku cha mtoa huduma. Baada ya hapo ping yangu haijapita milisekunde sitini hata video ikipakiwa.

Kwa wanaosoma somo hili wakiwa na matoleo yanayofuata 24.10, zingatieni kwamba opkg, programu ya kusakinisha vifurushi, imepisha apk, badiliko lililoingia kwenye tawi la maendeleo Novemba 2024. Amri zitakuwa apk update na apk add.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Lanet, Nakuru: Mwalimu, nina ruta ya zamani yenye flashi ya 4 na RAM ya 32. Nimeona faili zake za toleo la 19.07. Niziweke?

Jibu: La, ndugu yangu. Toleo la 19.07 ndilo lililokuwa la mwisho kwa vifaa vya ukubwa huo, na limekwisha kufungwa. Halipati marekebisho ya usalama. Utakuwa umetoka kwenye programu iliyoachwa na kuingia kwenye nyingine iliyoachwa.

Swali kutoka Kakamega: Je, naweza kuweka OpenWrt kwenye kisanduku cha faiba nilichopewa na mtoa huduma, ili nisinunue ruta nyingine?

Jibu: Usifanye hivyo. Kisanduku hicho kwa kawaida ni mali ya mtoa huduma, kina taarifa za usajili wa laini yako, na ukikiharibu hutaunganishwa hadi fundi wao aje. Kiache kilivyo, uweke ruta yako nyuma yake kwa kebo.

Swali kutoka Bungoma: Nilipandisha toleo kwa sysupgrade. Jina la Waifai na nenosiri vilibaki, lakini SQM imetoweka. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, dada. Sysupgrade huhifadhi mipangilio, haihifadhi vifurushi ulivyoongeza. Unaweza kuvisakinisha upya, na mipangilio ya SQM utaikuta ilivyokuwa. Njia nyingine ni Attended Sysupgrade, au amri ya owut kwenye 24.10, ambapo seva ya mradi hukuundia faili yenye vifurushi vyako vyote. Fahamu tu kwamba Desemba 2024 mtafiti mmoja alionyesha kuwa seva hiyo ilikuwa inakata hashi ya maombi na kubakiza herufi 12 tu, jambo ambalo lingemwezesha mshambuliaji kumpa mtu faili iliyotiwa sumu. Mradi uliirekebisha kwa saa chache na kuitangaza hadharani. Mimi bado naitumia, lakini napakua nakala ya mipangilio kwanza.

Swali kutoka Nyalenda, Kisumu: Mwalimu, nikichagua nchi nyingine badala ya Kenya, Waifai itafika mpaka nyumba ya pili?

Jibu: Kila nchi ina masafa na nguvu zinazoruhusiwa, na kudanganya hapo ni kuvunja kanuni. Isitoshe, haikusaidii sana: ruta ikipaza sauti, simu yako ya mkononi bado itajibu kwa sauti yake ndogo ileile. Vuta kebo mpaka nyumba ya pili, uweke ruta nyingine huko iwe kituo cha Waifai.

Swali kutoka Busia: Nataka kununua mpya kabisa. Nichukue ipi?

Jibu: Tafuta yenye chipu ya MediaTek Filogic, na uhakikishe namba ya toleo kwenye orodha kabla ya kulipa. Ipo pia OpenWrt One, iliyotoka mwishoni mwa 2024 kwa ushirikiano wa mradi, Software Freedom Conservancy (shirika la kutetea programu huria) na Banana Pi (watengenezaji wa vifaa). Ina RAM ya gigabaiti 1, na flashi mbili: ya kawaida ya megabaiti 256, na nyingine ya megabaiti 16 iliyotengwa kwa uokoaji, ambayo unaiteua kwa swichi ndogo iliyo kwenye kifaa chenyewe. Ningekuwa na swichi hiyo ule usiku wa Kondele, nisingeenda saiba. Itabidi uiagize kutoka nje, kwa hiyo uliza kwanza gharama za usafirishaji na ushuru.