Mazabodi ya Lamu: chumvi kwanza, BIOS baadaye

Kompyuta ikifika mezani kwangu hapa Langoni, mwenyewe huwa keshaihukumu: "Fundi, mazabodi imekufa." Mara nyingi hiyo bodi kuu inayobeba sehemu zote za kompyuta haijafa, imekula chumvi. Upepo wa baharini huingia ndani ya kasha na kuacha unyevu wa chumvi kwenye kila chuma kilicho wazi.

Basi chomoa waya wa stima, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha toa ramu, vile vibao vya kumbukumbu. Sugua meno yake kwa raba ya penseli, pole pole, uyapanguse kwa spiriti safi, uyaache yakauke. Rudisha ramu moja tu, uijaribu tundu baada ya tundu. Kazi nyingi huishia hapo, na mteja hudai kupunguziwa bei eti nimetumia raba!

Isipowaka, shika mita. Betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi ni ya volti 3. Ikiwa imeshuka chini ya 2.7 hivi, badilisha. Kwenye pawa saplai ya ATX (aina ya kawaida ya kompyuta za mezani), waya wa zambarau uwe na volti 5 hata kabla hujawasha. Ukiwasha: njano 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, na tofauti isizidi asilimia 5. Volti zikiwa sawa, mulika kapasita, vile vijimkebe vya duara kwenye bodi, kwa tochi. Iliyofura kichwa imekwisha. Halafu toa ramu zote uwashe. Kama ina spika na ikalia, prosesa na BIOS (programu ndogo ndani ya bodi inayoamsha kompyuta) zingali hai.

BIOS yenyewe usiiguse mpaka mashine itulie, tena uwe na sababu, kama prosesa mpya isiyotambulika au kiraka cha usalama. Kwenye Windows fungua msinfo32 usome jina la mazabodi na toleo la BIOS. Kwenye Linux, andika sudo dmidecode -t baseboard kwa jina la bodi, na sudo dmidecode -t bios kwa toleo la BIOS. Soma pia "rev" (namba ya toleo la bodi) iliyochapwa kwenye bodi, kwani rev 1.0 na 2.0 huenda zikawa na mafaili tofauti. Faili lipakue kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwingine. Dell hukuuliza Service Tag tu, yaani namba ya utambulisho ya mashine.

Flashi ya kubebea faili hilo iwe imefomatiwa kwa FAT32, na kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba), maana stima yetu haipigi hodi ikiondoka. Kabla hujaanza, piga picha za mipangilio kwa simu: BIOS mpya huweza kugeuza mpangilio wa diski kutoka AHCI kuwa RAID, na Windows ikakataa kuwaka.