Pete ya zambarau: namna ya kuchagua, kuvaa na kutunza amethisto

Assalaam aleikum nyote. Tangu niweke picha ya ile pete ya bi harusi wa Langoni, naulizwa yale yale kila siku: jiwe gani lile, lina kazi gani, likiingia maji ya chumvi litakufa? Nimeona niandike somo moja nipumzike. Mimi ni sonara wa fedha hapa Lamu, na sehemu kubwa ya ninayoyajua juu ya jiwe hili nimeyajua kwa kuliharibu.

Jina lake amethisto. Wenzetu Wakristo wanalikuta katika Ufunuo, jiwe la kumi na mbili katika misingi ya ule mji. Neno lenyewe limetoka Kigiriki, na maana yake ni "asiyelewa", kwa sababu Wagiriki wa kale walishika kwamba mwenye kulivaa hapandwi na pombe kichwani. (Kwa kazi hiyo hapa mjini silitarajii soko kubwa.) Baadaye maaskofu wa Ulaya wakalifanya jiwe la pete zao. Ama hili la kwamba ni la waliozaliwa Februari, madukani wanafuata orodha iliyopangwa mwaka 1912 na chama cha wauza vito wa Marekani. Wafanyabiashara walikaa wakapatana, basi. Nalisema mapema ili asije mtu akauziwa jiwe kwa kutishwa na nyota yake.

Kwa umbile ni kwatzi, jamii moja na mchanga mwingi wa ufukweni. Kilicholitofautisha ni chuma kidogo mno kilichoingia ndani, kisha mionzi ya asili ya miamba ikafanya kazi yake kwa muda mrefu sana, likatoka hiyo rangi ya zambarau. Shikeni hapo, maana ndipo somo lote lilipo: jiwe ni gumu, lakini rangi yake imefungwa kwa uzi mwembamba. Moto na jua huufungua.

Hatua ya 1: Kuchagua

Usilitazame chini ya taa za duka. Omba utoke nalo mlangoni, kwenye mwanga wa kivuli, uligeuze juu na ubavuni. La asili mara nyingi halina rangi sawa kote; utaona ukanda mzito, kando yake mwepesi, kama zambarau lililoiva upande mmoja. Kioo huwa na rangi moja tu, na pengine viputo vidogo vya hewa ndani. Lipo pia lililokuzwa maabara. Hilo ni amethisto kwa kila kipimo cha umbile, na kwa macho matupu hata mimi silitambui, linahitaji vyombo.

Kwa hivyo usitoe pesa za yakuti. Zamani amethisto ilikaa safu moja na vito vya wafalme, hadi karne ya 19 ilipoanza kutoka Brazil kwa wingi na bei ikaanguka. Leo inatoka pia Uruguay, na huku kwetu Afrika Zambia inatoa yenye rangi nzito nzuri sana. Binafsi napenda hiyo ya Zambia, hata ikiwa ndogo.

Hatua ya 2: Kulikalisha kwenye pete

Kuna vijino, vile vya fedha vinavyolishika jiwe kwa juu, na kuna ukingo unaolizunguka lote. Vijino vinapendeza zaidi na mwanga unapita. Lakini kama wewe ni wa kukanda unga, kufua au kushika kamba za jahazi, chukua ukingo. Kijino kikinasa kwenye leso siku mbili tatu, kinainuka, na siku ya nne unaangalia pete ina shimo.

Hatua ya 3: Kupanua au kupunguza pete

Hapa ndipo nilipoungua. Mwaka wangu wa pili wa kazi, bibi mmoja wa Mkomani aliniletea pete ya marehemu mama yake nimpanulie. Nilikuwa na haraka, magharibi inaingia. Nikakata bangili ya pete kwa chini, nikatia kipande, nikawasha moto wa gesi kulehemu, jiwe likiwa papo hapo juu. Nililifunga kitambaa kibichi nikadhani yatosha. Moto ulipita kwenye fedha upesi kuliko nilivyodhani, maana fedha husafirisha joto hasa. Nikasikia *tik*, kidogo tu, kama mdudu amegonga kioo. Nilipofungua kitambaa ule upande uliokaribia moto ulikuwa umepauka, na ufa umepita katikati kama unywele.

Yule bibi hakunigombeza. Aliitazama, akaifunga kwenye upindo wa leso yake, akaniuliza ni kiasi gani. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Basi ukipeleka pete yako kwa fundi yeyote, muulize kabla hajawasha moto: jiwe utalitoa? Akisema hakuna haja, chukua pete yako uondoke.

Hatua ya 4: Kuvaa

Pete iwe ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Jipake mafuta, jifukize udi, jitie manukato, vikauke, ndipo uvae. Mafuta hayalili jiwe ila yanajenga ukungu kwa chini, jiwe likaonekana limezeeka. Siku ya hina ivue kabisa, iweke mbali, kwa sababu hina ikikauka ndani ya nakshi za fedha utaichokoa kwa sindano mpaka uchoke.

Ufukweni Shela pia vua. Ugumu wa amethisto ni 7 katika kipimo cha Mohs, na punje za kwatzi zilizomo mchangani ni 7 hiyo hiyo, kwa hivyo zinaweza kulikwaruza.

Hatua ya 5: Kusafisha

Tia maji ya vuguvugu kwenye bakuli, na tone la sabuni ya vyombo. Fanya juu ya bakuli, si juu ya mfereji. Mangapi yamekwenda na maji. Iache dakika kumi, kisha pitisha mswaki laini wa mtoto, zaidi kwa nyuma ya jiwe ambako uchafu hukaa. Suuza, kausha kwa kitambaa cha pamba.

Fedha ikiwa nyeusi isugue kwa kitambaa cha kung'arishia fedha. Jivu la jikoni usitumie, wala dawa ya meno. Zote zina chenga zinazoikwaruza fedha. Jiki isifike karibu. Na usilimwagie maji ya moto jiwe lililotoka kwenye baridi, litapasuka.

Hatua ya 6: Kuweka

Kidaka cha ukutani ndicho mahali pake, ndani ya kifuko cha kitambaa, peke yake. Almasi na yakuti zitalikwaruza, nalo litakwaruza lulu. Dirishani hapana. Kuvaa mchana ukaenda sokoni hakudhuru, lakini kuliacha juani siku baada ya siku kunalipausha polepole, na rangi ikishapotea kwa jua fundi hana la kukusaidia.

Maswali ya wanachama

*Malindi: Nafanya kazi hotelini na kila jioni naogelea kwenye bwawa. Pete yangu ya fedha imefanya madoadoa meusi, jiwe liko sawa. Nimeuziwa fedha ya uongo?*

Si lazima, ndugu yangu. Klorini ya bwawa huishambulia fedha, hata ile yenye alama ya 925. Alama hiyo maana yake sehemu 925 katika kila 1,000 ni fedha na zilizobaki mara nyingi ni shaba. Madoa yatatoka fundi akiisugua. Ila ukirudi nayo bwawani, yatarudi nayo.

*Matondoni: Mwanangu, mimi nimezaliwa Mfungo Tatu, mwaka wa njaa, tarehe ya kizungu hakuna aliyeiandika. Jiwe langu ni lipi?*

Shikamoo bibi. Miezi yetu inafuata mwandamo, kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja ukilinganisha na ya kizungu, kwa hivyo Mfungo Tatu inaweza kuangukia mwezi wowote. Nawe si wa kupangiwa na wauza vito wa Marekani. Ukiipenda zambarau, vaa. Kwa mkono wako ningekufanyia ndogo yenye ukingo.

*Mokowe: Mimi ni wa Januari. Mnatubagua?*

Hatukubagui, umepata bahati. La Januari ni ganeti, na ganeti moja ya kijani, tsavorite, imepewa jina la Tsavo yetu. Campbell Bridges, mtaalamu wa miamba kutoka Uskoti, aliiona Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata upande wa Taita. Ganeti hiyo ni ghali lakini, jiandae.

*Shela: Mwanamume avae? Na mama mkwe anasema jiwe hili linazuia husuda.*

Wazee wetu wengi wanavaa pete ya fedha yenye jiwe. Lililokatazwa mwanamume ni dhahabu. Zaidi ya hapo muulize sheikh, mimi ni wa nyundo. La husuda nitakujibu kama sonara: sijawahi kumuuzia mtu jiwe kwa ahadi hiyo, wala sitaanza. Mheshimu mama mkwe, usibishane naye kwa ajili ya kwatzi.

*Malindi tena: Nina jiwe la njano, nimeambiwa sitrini. Jirani anasema ni amethisto iliyochomwa. Ananionea?*

Hakuonei. Sitrini nyingi iliyoko sokoni ni amethisto iliyopashwa moto makusudi, nyuzi mia nne za selsiasi na zaidi, mpaka zambarau ikageuka njano. Ni jambo linalojulikana katika biashara na si wizi, muuzaji akisema. Rangi hiyo haiogopi jua kama zambarau. Mimi ninayo moja, imekaa dirishani kwa karakana tangu mwaka ule wa yule bibi wa Mkomani.