Kabla hujavaa vazi la mhusika: mambo ya kuandaa mapema

Anza na siku yenyewe ya kulivaa vazi, kisha rudi nyuma. Ndivyo ninavyowaambia vijana wote wanaonijia hapa Moshi na picha kwenye simu, wakitaka washonewe vazi la kosplei, yaani vazi la kumwigiza mhusika kuanzia nywele hadi viatu. Wengi wanataka tuanze na kitambaa. Mimi nauliza kwanza: utafikaje huko, utakaa saa ngapi, na huyo mhusika wako anafanya nini? Mavazi mengi niliyoyaona yameharibika hayakuharibikia kwenye cherehani. Yaliharibikia ndani ya Coaster, kwenye jua la saa saba, au mlangoni mwa choo kwa sababu hakuna aliyewaza mvaaji atavuaje.

Nichukue mfano wa nyumbani. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tano, alikuja akasema, "Mama mdogo, nataka kuwa Fumo Liyongo." Nilifurahi mno. Wahusika wengi ninaoletewa ni wa katuni za Kijapani, na ninawapenda; neno lenyewe kosplei lilizaliwa Japani miaka ya 1980, na mji wa Nagoya umekuwa ukikusanya wavaaji wa dunia nzima tangu 2003. Lakini Liyongo ni wa kwetu, na ana ugumu ambao wale wa katuni hawana: hana picha. Mhusika wa katuni unamchapisha steshenari, kwa rangi, mbele, nyuma na ubavuni (mgongo ndio wanaousahau, halafu siku ya kukata kitambaa tunabaki kubahatisha). Liyongo unampata kwenye masimulizi tu. Pandikizi la mtu, fundi wa upinde, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafia hapo hapo. Watu wakaogopa kuteka maji wakidhani bado yu hai.

Kwangu mimi vazi zima lilikuwa ndani ya goti hilo. Kama kijana atapiga goti huku amevuta upinde, basi shuka lazima liwe na upana wa kutosha mapajani, kilemba kishikwe kwa pini ndani kisimporomoke akiinama, na vikwapa vya kanzu viwe vikubwa kuliko kawaida ili mkono upande bila kuibeba kanzu yote juu. Hakuna hata kimoja cha hivyo ungekiona kwenye picha ya mtu aliyesimama wima. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, andika vitendo vitatu vya mhusika wako: anaruka, anakaa chini, anainua upanga. Vazi lipimwe kwa hivyo.

Kisha fikiria mji na mwezi. Moshi haifiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha iko kama mita 1,400, na ngozi inaijua tofauti hiyo. Vazi lenye bitana na koti zito ambalo Arusha mwezi wa saba linakupa raha, hapa Moshi Januari litakulowesha jasho kabla hujapigwa picha ya kwanza. Kwa wigi na vazi zito, weka fulana nyembamba ya pamba ndani, na uwe na fulana ya pili ya kubadilisha. Masika nayo, Machi hadi Mei, usikubali pindo linaloburuta chini. Tope la huku halitoki kwenye satini nyeupe.

Kitambaa nunua mchana, na ukitoe nje ya duka ukiangalie juani. Taa za dukani zinadanganya, hasa kwenye nyekundu na zambarau. Chukua ile picha uliyochapisha uishike pembeni. Pamba iloweke na kuianika kabla ya kukata, maana ikirudi baada ya kushonwa, imerudi na wewe ndani. Na kabla ya kukata kitambaa cha bei, shona kwanza kwa shuka kuukuu la mitumba. Soko la Memorial linakutosha kwa hilo; mimi nanunua mashuka ya huko kwa kazi hiyo tu. Huko huko utapata makoti na viatu vya kubadilisha, na mara nyingine koti la mitumba lenye mabega mazuri linakuokolea wiki nzima ya kazi. Sioni aibu yoyote kubadilisha kitu kilichoshonwa. Ni ufundi pia.

Kama unapeleka kazi kwa fundi mwingine, mpe tarehe ya siku 10 kabla ya siku yako halisi, na umwachie picha, si maelezo ya mdomo. Niliwahi kumpa fundi mmoja koti la mteja nikiwa nimezidiwa. Akaahidi Jumatano. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeketi kibarazani kwake nikishona mkono wa kushoto mwenyewe, mteja akinipigia simu kila baada ya dakika tano. Kosa lilikuwa langu pia, kwa kutojiachia nafasi.

Sasa deraya, yaani lile vazi gumu la vita la kukinga mwili, maana hapa ndipo pesa na machozi vinapotokea. Watu wengi wanatumia foamu ngumu, kama ile ya mikeka ya kuchezea watoto inayoshikana kwa meno. Ya milimita 10 inafaa kifua na mabega, ya milimita 5 mikanda na vikinga mikono, ya milimita 2 urembo. Kupata umbo la mwili, vaa fulana ya kutupa, mwenzako akuzungushie selotepu pana bila kukukaza pumzi, achore mistari kwa kalamu ya wino mzito, kisha akukate utoke. Vile vipande ndivyo kipimo chako. Kata foamu kwa wembe mpya kila baada ya muda mfupi; wembe butu unararua kingo, na kingo zilizoraruka hazishikani hata ufanye nini.

Gundi ni ile ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, nyembamba, halafu subiri. Subira hiyo ndiyo siri yenyewe. Gusa kwa kidole: ikiwa bado inavuta nyuzi, ni mapema, ikiwa kavu lakini inanata kidogo, bana kwa nguvu, na ujue ukishabana hurekebishi tena. Siku ya joto dakika 10 zinatosha, jioni ya mvua inaweza kutaka mara mbili. Nilijifunza hilo mwezi wa tano mmoja. Nilibandika kifua cha deraya usiku, mvua ikinyesha, nikabana haraka ili nilale. Tulipofika Boma Ng'ombe kesho yake, gari limejaa na jua limetoka, nikasikia mlio mdogo kama wa kubandua plasta. Bega la kulia lilikuwa limefunguka lote, gundi ndani bado mbichi. Kazi ya gundi ifanyie nje au mlango na madirisha wazi, mbali na jiko. Mvuke wake unaumiza kichwa na unashika moto. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mara tatu au nne, ukiacha ikauke kila mara. Bila hivyo foamu inakunywa rangi yote na bado inaonekana sponji.

Nywele zisikutishe. Wasusi wetu wanajua kazi hii kuliko video yoyote: wanachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili zitulie, na wigi nyingi za bei nafuu ni nyuzi za aina hiyo hiyo. Zungushia kwenye roli, mwagia maji ya moto, acha zipoe kabisa kabla ya kufungua, na mkunjo unabaki. Pasi iweke mbali, inaziyeyusha.

Kuna jambo moja la sheria ambalo nalisema kwa kila kijana anayetaka kuwa askari. Mabaka ya jeshi usiyaguse. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na kuwa "ni mchezo tu" hakukuokoi barabarani. Chagua rangi moja tupu, badilisha alama. Bunduki inayofanana na ya kweli nayo sitengenezi. Upinde wa Liyongo tuliufanya kwa bomba la maji la nusu inchi lililozungushiwa kamba ya katani, mshale una kichwa cha foamu, na ile sindano ya shaba ni waya uliokunjwa ncha. Vyote vinasafiri vikiwa vimefungwa kwenye shuka.

Usafiri upime kwa futi, sio kwa macho. Pima mlango wa bajaji, pima nafasi ya miguuni kwenye Coaster, na ukate mabawa au upinde uweze kuachana katikati. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa mavazi si hasara, kwani jasho likifungiwa nailoni linaota ukungu. Mimi natumia shangazi kaja moja kwa kila vazi, na ndani yake kipande cha boksi nilichoandika kila kitu kilichomo, hadi soksi. Unaweka tiki ukienda, unaweka tiki ukirudi. Mfuko mdogo wa pembeni una sindano iliyotungwa uzi tayari, mweusi na mweupe, pini, lastiki, selotepu, mkasi, na kikopo cha gundi kilichokazwa.

Wiki moja kabla, vaa kila kitu nyumbani kwa saa tatu. Kula. Kunywa maji. Nenda chooni. Panda ngazi kama zipo. Kijana wetu alipiga goti uani kwa bibi yake, akavuta upinde, akatulia. Dakika ya nne akasema mguu umekufa ganzi na kilemba kinambana masikioni. Tukalegeza kilemba, tukashona kipande cha sponji ndani ya shuka pale goti linapotua. Bibi akatoka jikoni, akamtazama, akauliza maji atayachota saa ngapi kama huyu amekaa kisimani.

Ukirudi, hata kama umechoka, ning'iniza vazi usiku huo huo lipate hewa, chana wigi ukianzia ncha, na ulegeze kamba ya upinde kabla ya kuutundika.