Jinsi ya kulinganisha saa mbili za mbizi: Orient Kamasu na Tudor Black Bay 58

Rafiki yangu alikwama kati ya hizi mbili, tukaziweka mezani. Alikuwa ameshaanza kulinganisha kina, na hapo hutapata jibu: Kamasu ni mita 200, Black Bay 58 iliyotoka 2018 nayo ni mita 200. Zote ni otomatiki, yaani hujijaza zenyewe mkono unapocheza, zote zina kioo cha yakuti samawi na kifundo cha pembeni kinachofungwa kwa kukazwa. Bei ndiyo inayoachana mbali. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Zivae. Kamasu ina upana wa karibu milimita 42, Tudor 39. Mkono wako utaamua.

Hatua ya 2: Zungusha bezeli, ile pete inayozunguka kioo. Kamasu hulia mara 120 kwa mzunguko, Tudor mara 60, yaani mlio mmoja kwa kila dakika. Mimi napenda 60. Shika bezeli kwa vidole vilivyolowa, maana vikiwa vikavu kila bezeli ni nzuri.

Hatua ya 3: Pima mwendo, yaani saa inazidi au inapungua sekunde ngapi kwa siku. Hapa ndipo watu hudanganyika, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza jaza zote mbili kwa mkono hadi springi ishibe. Saa yenye njaa haiendi sawa na iliyoshiba. Vuta kifundo, mshale wa sekunde usimame, kisha kirudishe ndani sambamba na saa ya intaneti. Kama unarekebisha siku na tarehe kwenye Kamasu, usifanye hivyo kati ya saa 3 usiku na alfajiri: gia za kalenda zinakuwa zimeshikana, na unaweza kuzivunja. Tudor hii haina tarehe, basi hapo huna wasiwasi.

Soma tofauti baada ya saa 24 kamili, si baada ya saa moja ukazidisha kwa 24. Programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa mimi siziamini. Karatasi na kalamu vinatosha. Rudia kwa siku kadhaa, na andika saa ililalaje usiku: uso juu, au kifundo juu. Mlalo hubadilisha mwendo, na ukishaujua unaweza kuutumia kurudisha sekunde zilizozidi mchana.

Kamasu ikikimbia ghafla kwa dakika nzima, shuku sumaku ya spika au ya kifuniko cha simu kabla ya kuilaumu saa. Fundi huiondoa kwa muda mfupi. Tudor haisumbuki sana, springi yake ya usawa, ile ndogo inayoongoza mwendo, ni ya silikoni, ambayo haishikwi na sumaku.

Sasa linganisha na ahadi. Orient huruhusu kupungua sekunde 15 hadi kuzidi 25 kwa siku. Mashine ya Tudor imepimwa na COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa saa: kupungua 4 hadi kuzidi 6. Kamasu inayozidi sekunde 12 haina ubovu wowote. Tudor inayozidi 12 irudishe.

Hatua ya 4: Ziache zife. Zijaze, zivue Ijumaa saa 12 jioni. Kamasu, yenye akiba ya kutembea saa 40 hivi bila kuvaliwa, itasimama Jumapili asubuhi. Tudor ina saa 70, utaivaa Jumatatu asubuhi ikiwa bado inatembea. Kwa mwenye saa zaidi ya moja, mimi naona hili lina uzito kuliko zile sekunde.

Hatua ya 5: Uliza gharama ya fundi kabla ya kulipa. Kamasu mafundi wengi wataifungua. Kwa Tudor, tafuta aliyeidhinishwa, na bajeti yake iweke kando mapema.